Vitenzi vya Kitaliano vinagoma? Anza na dalili

Pale Kiwengwa, Zanzibar, papasi (kijana anayewatafutia watalii safari ufukweni) anamwambia mgeni wa Kitaliano "io portare te vedere delfini, tu pagare dopo", yaani mimi kupeleka wewe kuona pomboo, wewe kulipa baadaye, mgeni anaelewa, anacheka, analipa, na maisha yanaendelea. Shida inakuja siku papasi huyohuyo anataka kazi ya mapokezi hotelini, au kapata mchumba wa Bologna na mama mkwe yuko kwenye simu, hapo ndo anagundua vitenzi vyake vyote vimekatwa mkia. Mi nimepita njia hiyo, nimechekwa vya kutosha, na kitu kilichonichelewesha zaidi ni kujifunza Kitaliano kupitia vitabu vya Kiingereza wakati Kiswahili changu kilikuwa na majibu mengi kuliko kile kitabu. Kwa hiyo humu kila tatizo nitalipima kwanza kwa Kiswahili.

Kitu kimoja ukiweke kichwani kabla hatujafungua boneti. Sisi tunasema ni-na-sema, nafsi iko mbele, wakati uko katikati, ukimeza herufi ya mwisho bado mtu anajua nani anasema. Mtaliano anasema parlo, na ile o ya mwisho ndo imebeba kila kitu, nani, lini, na kama ana uhakika au anatamani tu. Ukiimeza umemeza sentensi nzima.

Wanakuelewa, ila wanakujibu kama mtoto mchanga

Ukimwambia mtu "io volere mangiare" naye akakujibu "tu mangiare qui?" (wewe kula hapa?), ujue ameshakupima na ameshusha Kitaliano chake mpaka kwenye kiwango chako. Chanzo ni kwamba umeokota vitenzi kwenye umbo la kamusi, yale ya -are, -ere, -ire, ambayo ni sawa na ku- yetu. Ni kama mtu akwambie "mimi kutaka kula". Tiba siyo kumeza kamusi ya vitenzi mia tano. Chukua saba tu: essere (kuwa), avere (kuwa na), andare (kwenda), fare (kufanya), volere (kutaka), potere (kuweza), dovere (kulazimika), uvijue kwa nafsi zote sita (io mimi, tu wewe, lui yeye, noi sisi, voi nyinyi, loro wao) mpaka uviote usingizini, maana vikali ndo hivi na ndo vinavyotumika kila dakika. Andare kwa mfano: vado, vai, va, andiamo, andate, vanno. Ukishakuwa na voglio (nataka), posso (naweza) na devo (lazima ni-), kitenzi kinachofuata kinabaki kwenye umbo la kamusi bila kosa: voglio mangiare, nataka kula. Hapo ule mtaji wa pwani unafanya kazi kihalali.

Io, io, io

Umeshajua mikia lakini kila sentensi inaanza na io, watu wanakuona unajisifu. Huu ugonjwa umetoka kwenye Kiingereza, siyo kwetu. Wewe huwezi kusema "mimi ninakwenda, mimi ninakula, mimi ninalala" labda unagombana na mtu. Kitaliano vilevile, mkia umeshasema ni nani, io unaileta ukitaka kukazia tu: pago io, nalipa mimi.

Umesema sawa lakini hawakusikii

Hili liliniumiza muda mrefu kwa sababu kwenye daftari nilikuwa napata vyema. Kiswahili mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho karibu siku zote, ukitoa maneno machache kama barabara, ambalo ukikaza ra ya kwanza ni sawasawa na ukikaza ba ya pili ni njia ya magari. Basi Mswahili akiona parlano (wanaongea) anasoma par-LA-no. Mtaliano anasema PAR-la-no. Abitano (wanaishi) ni A-bi-ta-no, mkazo uko wa nne kutoka mwisho, telefonano ni te-LE-fo-na-no, ulimi unakataa kabisa. Kanuni ya kukusaidia: kwenye wakati uliopo, loro anafuata mkazo wa io. Sema PAR-lo, halafu bandika -ano bila kuusogeza. Sema A-bi-to, A-bi-ta-no. Noi na voi ndo mkazo unashuka kwenye mkia, par-LIA-mo, par-LA-te, na hizo kwetu ni rahisi.

Usidharau hili, parlo ni naongea, ila parlò ukikaza mwisho ni aliongea yeye, tena zamani. Mkazo tu umebadilisha mtu na mwaka.

Kuna na ndugu yake, herufi zinazorudiwa. Parleremo ni tutaongea, parleremmo ni tungeongea. Yaani ukimwambia mwenye boti "domani porteremmo i soldi" umemwambia kesho tungeleta pesa, na yeye anasubiri umalizie sababu ya kutoleta. Aliyepita chuo cha Kurani ana bahati hapa, hiyo m mbili isome kama ina shadda (alama ya Kiarabu ya kurudia herufi), ikalie kidogo ndo uiachie. Asiyejua shadda afanye mazoezi ya jozi: saremo, saremmo, avremo, avremmo, andremo, andremmo, mpaka jirani alalamike.

Ch inakuchanganya

Cercare, kutafuta. Io cerco, tu cerchi. Mswahili anasoma cherchi na ch zote mbili kama za chai, wakati kwa Kitaliano ch ni k, kwa hiyo ni "cherki". Ile h imewekwa makusudi ili sauti ya k isipotee ikikutana na i. Pagare, pago, paghi, sababu ileile.

Sasa ukishaelewa hivyo unaenda kwenye leggere (kusoma) unaandika "tu legghi" na unakosea. Siri ambayo sikuisoma popote mpaka nikaiona mwenyewe ni kwamba vitenzi vya -are vinalinda sauti na kubadili maandishi, vya -ere vinalinda maandishi na kuachia sauti ibadilike. Leggo ina g ya gari, leggi ina sauti ya jiko, leggono inarudi kwenye gari. Vincere (kushinda): vinco, vinci, vincono, mchezo huohuo.

Capo, capi, cape… hakuna kitu kama hicho

Vitenzi vya -ire viko makundi mawili na vinafanana kwa sura. Dormire (kulala) anakwenda moja kwa moja: dormo, dormi, dorme. Capire (kuelewa) anaingiza -isc- katikati: capisco, capisci, capisce, capiamo, capite, capiscono, noi na voi hawaguswi. Utajuaje nani ni nani? Hesabu herufi ya tano kutoka mwisho. Capire ni a, finire ni i, pulire ni u, spedire ni e, zote irabu, weka -isc-. Dormire ni r, partire ni r, sentire ni n, aprire ni p, konsonanti, acha. Si sheria ya polisi, garantire na costruire wanaivunja (garantisco, costruisco), lakini mara nyingi itakuokoa.

"Ho andato al mercato"

Hii ndo malaria ya Kitaliano, kila mtu ameugua. Wakati uliopita wa kuongea, passato prossimo, unahitaji kitenzi kisaidizi, avere au essere, na mwanafunzi akishazoea ho mangiato, ho visto, ho comprato (nimekula, nimeona, nimenunua), anafululiza na ho mpaka kwenye andare. Ni sono andato, nimekwenda.

Kitabu kitakwambia vitenzi vya mwendo vinachukua essere, unakariri, unaenda kusema "sono camminato" unakosolewa tena, maana kutembea, kuogelea na kusafiri vinachukua avere: ho camminato, ho nuotato, ho viaggiato. Yaani essere inapenda kufika na kuondoka, haijali miguu inavyotikisika. Andare, venire, arrivare, partire, uscire, entrare, tornare, cadere, nascere, morire, restare, diventare, orodha fupi, iandike ukutani.

Lakini kuna kipimo cha kwetu ambacho kwa mimi ndo kilimaliza kesi. Kiswahili kina vunja na vunjika, badilisha na badilika, maliza na isha. Angalia:

Ho rotto il bicchiere, nimevunja glasi. Il bicchiere si è rotto, glasi imevunjika.
Ho finito il lavoro, nimemaliza kazi. Il film è finito, filamu imeisha.
Ho cambiato la gomma, nimebadilisha tairi. Lui è cambiato, amebadilika.

Umeona? Kitenzi kilekile cha Kitaliano, kikimfanya mtu atende juu ya kitu ni avere, kikiwa ni jambo limemtokea mwenyewe, ile hali yetu ya -ika, ni essere. Ukikwama jiulize Kiswahili changu kingesema -vunja au -vunjika, jibu unalo. Na chochote chenye si, lavarsi (kunawa), alzarsi (kuamka), sposarsi (kuoana), kinakwenda na essere bila mjadala: mi sono alzato alle sei, niliamka saa kumi na mbili.

Dalili inayofuata kwenye ugonjwa huuhuu: dada anasema "sono andato". Hapana, ni sono andata. Wakiwa wengi wa kiume au mchanganyiko sono andati, wanawake watupu sono andate. Wenzetu wanaotoka kwenye Kiingereza wanalia hapa, sisi sijui tunalia nini, mtu aliyekua anasema kiti kimevunjika viti vimevunjika anashindwaje upatanisho wa ngeli mbili tu, kiume na kike? Ngeli zetu ni nyingi kuliko hizo mara kadhaa.

Kwenye avere mkia unatulia, Maria ha mangiato, siyo mangiata. Ila kitu kikitangulia kama kiwakilishi, mkia unaamka: le chiavi? Le ho perse. Na hiyo ni nini kama siyo funguo? Nimezipoteza. Ile -zi- yetu ndo le yao, pamoja na e ya mwisho wa perse. L'ho visto, nimemwona, mwanaume. L'ho vista, mwanamke.

Mi piaccio la pizza

Umesema unajipenda, pizza imekaa tu pembeni. Piacere usiitafsiri kupenda, itafsiri kupendeza. Mi piace la pizza, pizza inanipendeza. Mi piacciono i gatti, paka wananipendeza. Mwenye kitenzi ni pizza na paka, siyo wewe. Zamani: mi è piaciuta la pizza, mi sono piaciuti i gatti, na hapo tena essere na upatanisho.

Hadithi yako haieleweki kipi kilianza

Kiswahili cha mtaani -li- inabeba mizigo yote, "nilikaa Roma, nilifanya kazi, nilikutana na mke wangu", na msikilizaji anajipangia. Mtaliano anataka umpangie: yale yaliyokuwa yanaendelea ni imperfetto, lile lililokatiza ni passato prossimo. Mangiavo quando è arrivato Ali. Nilikuwa nakula Ali akafika. Basi kipimo ni hicho, kama unaweza kusema nilikuwa nakula, au ni mazoea ya zamani (utotoni tulikuwa tunaenda pwani kila Ijumaa, da bambini andavamo al mare ogni venerdì), weka imperfetto. Kama unaweza kubandika -ka- ya akafika, akasema, akaondoka, weka passato prossimo.

Habari njema ni kwamba imperfetto ndo wakati mpole kuliko yote, -vo, -vi, -va, -vamo, -vate, -vano, karibu kila kitu kinanyooka, kazi ni essere tu (ero, eri, era, eravamo, eravate, erano) na vichache vinavyokumbuka mzizi wa zamani kama facevo, dicevo, bevevo. Angalia sapere na conoscere lakini. Sapevo ni nilikuwa najua, ho saputo ni nikapata habari. Conoscevo Anna, nilikuwa namfahamu, ho conosciuto Anna, ndo siku tuliyojuana. Ukichanganya kwa mama mkwe utaulizwa maswali.

Sto abitando a Zanzibar

Fupi hii. Siyo kila -na- ni sto. Sto mangiando ni sasa hivi tonge liko mkononi. Makazi, kazi, tabia, ni wakati uliopo wa kawaida: abito, lavoro, studio (naishi, nafanya kazi, nasoma).

"Se avrei i soldi"

Tukae hapa kidogo maana hapa Kiswahili chenyewe ndo kinatuponza. Sisi tunaweka -nge- pande zote mbili, ningekuwa na pesa ningenunua boti, mizani imekaa sawa. Mswahili akishajua kwamba -nge- ni condizionale (tamka konditsionale), yaani avrei, comprerei, andrei, anaweka pande zote: "se avrei i soldi comprerei una barca". Na Mtaliano anashika kichwa, kwa sababu hilo ndo kosa ambalo watoto wao wanakemewa nalo shuleni.

Upande wenye se (kama) haupokei -rei. Unapokea congiuntivo imperfetto, ile ya -ssi: se avessi i soldi, comprerei una barca. Se fossi in te, andrei, ningekuwa wewe ningekwenda. Se parlassi bene, lavorerei in albergo, ningeongea vizuri ningefanya kazi hotelini. Ukikosa pesa na nafasi zote mbili, yaani ile -ngali- ya mambo yaliyokwisha haribika, unaongeza kitenzi kisaidizi: se l'avessi saputo non sarei venuto, ningalijua nisingalikuja. Mitaani kwao pia wanachoka, utawasikia "se lo sapevo non venivo", imperfetto pande zote mbili kama -nge- yetu, inakubalika kwenye maongezi ila usiiandike kwenye barua ya maombi ya kazi.

Na -ki-? Hiyo haina shida: se ho tempo vengo, se avrò tempo verrò, nikipata nafasi nitakuja. Kwa hiyo se avrò ni sawa, se avrei ni kosa, tofauti ni kamkia tu. Afu kuna mtego mdogo, non so se verrebbe ni sahihi kabisa, maana hii se siyo ya sharti, ni ya kuuliza, sijui kama angekuja.

Mizizi ya condizionale ndo ileile ya wakati ujao, kwa hiyo ukitibu mmoja umetibu wawili: sarò sarei, avrò avrei, andrò andrei, verrò verrei, vorrò vorrei, potrò potrei, dovrò dovrei. Vya -are vinageuza a kuwa e, parlerò, ila farò, darò, starò vinakataa. Na wakati ujao wao unakisia kama wetu, sarà a casa, atakuwa nyumbani saa hizi. Hapo usikariri chochote, tafsiri tu.

Congiuntivo inakuja ukiiita na inakimbia ukiihitaji

Congiuntivo, tamka konjuntivo, ni ile -e yetu ya mwisho. Nataka aende, voglio che vada. Ndo maana baada ya voglio che Mswahili anapatia haraka. Anakosea baada ya penso che, kwa sababu sisi tunasema nadhani yuko nyumbani, bila -e, ila wao wanasema penso che sia a casa. Kudhani, kuamini, kutumaini, kuogopa, vyote vinaiita: credo che, spero che, ho paura che. Ukiwa umebanwa na huikumbuki kimbilia secondo me, kwa maoni yangu, secondo me è a casa, umeikwepa kihalali na hakuna atakayekugundua.

Kuiunda: chukua io ya sasa, toa o, weka a. Vengo venga, dico dica, esco esca, vado vada, faccio faccia. Vitenzi vya kawaida vya -are vyenyewe vinaweka i, parlo parli. Wataliano wanachekana sana kwa "vadi" na "facci", za mtu aliyefikiri andare na fare ni watoto wa kawaida wa -are. Waasi wa kukariri ni watano, sia, abbia, sappia, stia, dia.

Dalili mbili za ziada. Unasema "prima che non parta" kwa sababu sisi tunasema kabla hajaondoka. Toa hiyo non, ni prima che parta. Na ukirudi nyuma, nilitaka aje, aje yetu haibadiliki, yao inabadilika, voglio che venga, volevo che venisse.

Mgeni mtu mzima kanuna

Umemwambia "senti, vieni, dimmi" (sikiliza, njoo, niambie). Hiyo ni tu, ya rafiki na mtoto. Mtu mzima usiyemjua ni Lei, na amri yake ni hiyohiyo congiuntivo: senta, venga, mi dica, si accomodi (karibu uketi). Sisi hatuna Lei lakini tunajua sogea siyo sawa na usogee, na mzee huwezi kumwambia sogea. Irabu zinapishana: tu parla Lei parli, tu prendi Lei prenda, scusa ni ya mshikaji, scusi ya mzee. Kukataza, tu anarudi kwenye umbo la kamusi, non parlare, usiongee, Lei non parli.

Unaongea vizuri ila kitabu hukielewi

Umekutana na passato remoto, wakati uliopita wa mbali. Dante nacque a Firenze nel 1265 e morì a Ravenna nel 1321, yaani Dante alizaliwa Firenze mwaka 1265 akafa Ravenna mwaka 1321. Kaskazini hawaitumii kwenye maongezi, Sicilia na Toscana utaisikia mdomoni, kwa kuanzia itambue tu ukiiona. Ukorofi uko kwa io, lui na loro, wengine wametulia, mfano prendere (kuchukua): presi, prendesti, prese, prendemmo, prendeste, presero. Disse ni ya dire, vide ya vedere, venne ya venire, ebbe ya avere, stette ya stare, na ukiona fu imekaa peke yake usidhani mchapaji kakosea, ndo essere huyo.